Kupanga ofensi ya timu ya basketi ya chuo kulingana na wachezaji ulionao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo makocha wasaidizi wapya, wachezaji na mashabiki wa basketi ya vyuo vya Marekani wanayarudia kila msimu. Sio lazima usome yote, nenda kwenye lile linalokuhusu, na pale jambo lilipoelezwa sehemu nyingine nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Tukisema "ofensi" tunamaanisha nini hasa?

Ofensi ni jinsi timu inavyoshambulia, na kimsingi ni makubaliano. Wachezaji watano wanakubaliana mapema nani anaanza na mpira, nani anasimama wapi, na mwenye mpira akibanwa wengine wanafanya nini. Ndo maana timu mbili zinaweza kuwa na wachezaji wa uwezo uleule na moja ikapata layapu (shuti za karibu kabisa na ringi) za bure huku nyingine inashuti shuti za shida sekunde ya mwisho.

Kuna seti na kuna mosheni. Seti ni mchoro wenye mwanzo na mwisho, kocha anaita jina lake na kila mtu anakimbia njia yake. Mosheni haina njia iliyochorwa, ina sheria chache tu kama "ukishapasi usisimame, kata kwenda ringini au kamwekee mwenzio skrini" (yaani simama njiani kwa mlinzi wake umzuie), alafu wachezaji wanasoma difensi na kuamua wenyewe. Timu nyingi zinachanganya, na kiasi cha kuchanganya kinategemea wachezaji wako wanasoma mchezo vizuri kiasi gani.

Kwa nini nisichukue tu ofensi ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, nikaifundisha chuoni?

Kwa sababu mazingira ni mengine. Kubwa kuliko yote, basketi ya chuo haina ile sheria ya NBA inayomkataza mlinzi kukaa chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu. Chuoni senta wa wapinzani, yule mrefu wa karibu na ringi, anaweza kusimama pale siku nzima kama mtu anayemlinda hatishi kwa shuti. Kwa hiyo gadi (mchezaji wa nje anayeubeba mpira) anayeonekana hazuiliki kwenye video ya NBA, chuoni anampita mlinzi wake alafu anakutana na ukuta.

Saa ya kushuti, yaani muda mlionao kushuti kila mkipata mpira, chuoni ni sekunde 30 (wanaume walikuwa na 45 mwaka 1985, ikashuka hadi 35, alafu 30 kuanzia msimu wa 2015-16), NBA ni 24. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, wanaume walisogezewa 2019 na wanawake 2021, kwa hiyo uko karibu kidogo kuliko wa NBA. Na muda wa kufundisha una kikomo: msimu ukiwa unaendelea mwisho ni saa 20 kwa wiki, na ndani yake kuna gym, video na kila kitu. Ofensi yenye mambo 40 ya kukumbuka haiingii kwenye saa hizo, hasa kama nusu ya kikosi ni wageni (angalia swali la kikosi kinachobadilika kila mwaka).

Nianze na mfumo au nianze na wachezaji?

Wachezaji. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona msimu mzima ukipotea kwa kufanya kinyume.

Ila swali lenyewe linahitaji kunolewa. Ukisema "nianze na wachezaji" watu wanaorodhesha sifa: huyu mrefu, huyu ana kasi, huyu anashuti. Orodha hiyo haikupi ofensi. Kinachokupa ofensi ni kujibu maswali mawili, kwa mpangilio huu: ni nani kwenye timu yetu anawalazimisha walinzi wawili waende kwake? Na wale wawili wakienda, wanne waliobaki wanaweza kufanya nini na difensi ya watu watatu? Karibu kila jibu huko chini linarudi hapa.

Wawili kwenda kwa mmoja kuna umuhimu gani hivyo?

Hesabu ni rahisi, wawili wakienda kwa mmoja wanne wenu wanacheza na watatu wao, na kuna mtu yuko wazi mahali fulani.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni chuo cha Davidson, Novemba 2008, wakicheza na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola aliamua kumwekea Stephen Curry walinzi wawili mechi nzima, hata kama hana mpira. Curry hakugombana na hilo, akawa anaenda kusimama pembeni na walinzi wake wawili, wenzake wakacheza wanne kwa watatu. Curry alimaliza na pointi sifuri. Davidson wakashinda 78-48. Msimu ule ndo Curry aliongoza nchi nzima kwa kufunga, lakini usiku ule ofensi ilifanya kazi vizuri mno bila yeye kufunga hata moja, manake wale wanne walijua wasimame wapi na walikuwa na uwezo wa kumalizia.

## Kuwasoma wachezaji

Nitajuaje mchezaji anaweza nini kweli, sio anachosema anaweza?

Angalia difensi inamfanyaje, usimwangalie yeye. Ondoa macho kwenye mpira, tazama mlinzi wake. Akipokea mpira kwenye mstari wa pointi tatu, mlinzi anakuja mbio mikono juu au anabaki hatua mbili nyuma? Wapinzani wameshakusomea mchezaji wako na miguu yao inakuambia walichokiona.

Alafu angalia vitu vidogo. Nilikuwa msaidizi kwenye timu moja ya chuo kidogo, tulikuwa na senta mrefu mwenye nguvu, na tukaamua ofensi yote iwe piki na roli, yeye aweke skrini kwa gadi alafu azunguke kwenda ringini apewe pasi. Kwenye karatasi ilikuwa inapendeza. Wiki tatu tunapoteza mipira tu na kila mtu anawalaumu magadi kwa pasi mbaya. Siku moja nikakaa na video nikaiendesha polepole, nikaona: kila akipokea mpira akiwa anakimbia, anaushusha mpaka kiunoni kabla ya kupanda. Kila mara. Na pale kiunoni kuna mkono wa gadi mfupi wa wapinzani unasubiri. Ila akipokea akiwa amesimama, mgongo kwa ringi, mpira ulikuwa unabaki juu ya kidevu na hakuna aliyeufikia. Tatizo halikuwa pasi, tulikuwa tunampa mpira mahali pasipo pake.

Mchezaji akishuti vizuri mazoezini, si tayari ni mshutaji?

Hapana. Kushuti peke yako gym, umesimama, mtu anakurudishia mpira, ni kipaji tofauti na kushuti mlinzi anakuja na umetoka kukimbia. Mpime kwa aina: akiwa amesimama anasubiri pasi, akitoka kwenye skrini anakimbia, na akishuti kutoka kwenye dribo. Wengi wako vizuri kwenye moja, wachache kwenye mbili.

Hesabu ya kukumbuka: anayepata theluthi moja ya pointi tatu zake anakupa pointi sawa na anayepata nusu ya pointi mbili, yaani pointi moja kwa kila shuti. Kwa hiyo shuti ya mita tano mtu akiwa amebanwa, ambayo wengi hawafiki nusu, ndo shuti mbaya kuliko zote uwanjani, hata kama mpigaji anaipenda. Ila kuna wachezaji wachache wanaoiweka kweli, na difensi nyingi zimepangwa kuwaachia shuti hiyohiyo, kwa hiyo usimnyang'anye mtu kitu kinacholipa kwa sababu tu kanuni imesema.

Niangalie namba zipi?

Nne zinatosha kuanzia, ni zile alizozipanga Dean Oliver, mchambuzi wa takwimu za basketi: ubora wa kushuti ambapo pointi tatu inahesabiwa kama shuti moja na nusu, mipira mnayopoteza, ribaundi za ofensi (kuudaka tena mpira baada ya shuti yenu kukosa), na mara ngapi mnafika kwenye mitupo huru (shuti za bure baada ya kuchezewa fauli). Kila mfumo una nguvu kwenye mbili au tatu kati ya hizo na unakubali udhaifu kwenye nyingine. Unachotafuta ni mfumo ambao udhaifu wake hauwaumizi nyinyi. Na zihesabu kwa kila mpira mnaoumiliki, sio kwa mechi, la sivyo timu ya haraka itaonekana nzuri kwa sababu tu imeshuti mara nyingi.

## Mfumo gani kwa wachezaji gani

Hatuna mtu mrefu, tufanyeje?

Wote watano nje ya mstari wa pointi tatu, au wanne nje na mmoja anayezunguka. Mkishuti wote, senta wa wapinzani analazimika kutoka chini ya ringi kuja kumlinda mtu nje, na ule ukuta niliousema kwenye swali la NBA unavunjika wenyewe.

Villanova ya kocha Jay Wright ilichukua ubingwa 2016 na 2018. Mwaka 2018 hata senta wao alikuwa anashuti pointi tatu, na kwenye nusu fainali walimfunga Kansas 95-79 wakiweka pointi tatu 18. Kitu watu hawakioni ni magadi wao wakiingia ndani, walikuwa wanasimama kwa miguu miwili karibu na ringi, wanageuka geuka, wanatafuta mtu. Hawarushi mpira hovyo wakiwa hewani. Hiyo inafundishika na haihitaji urefu.

Kama pia hamna kasi, angalia Princeton ya Pete Carril. Senta anasimama juu kwenye mstari wa mitupo huru anagawa pasi, mlinzi akimkaba mwenzako kwa nguvu sana nje basi huyo mwenzako anakata nyuma yake kwenda ringini. Mwaka 1996 waliwatoa UCLA, waliokuwa mabingwa watetezi, 43-41, na kikapu cha ushindi kilikuwa hichohicho cha kukata kwa nyuma. Ila inahitaji senta anayepasi vizuri na wachezaji wenye subira. Bila huyo senta usiiguse.

Tuna mrefu mmoja hatari chini ya ringi lakini hashuti nje. Tumpe mpira kila mara?

Mpe, ila kazi yako kubwa iko kwa wale wanne wengine. Chuo cha Purdue na senta wao Zach Edey, mwenye futi 7 na inchi 4, ni somo zima.

Machi 2023 Purdue, waliopangwa namba moja kwenye kundi lao la mashindano ya taifa, walitolewa na Fairleigh Dickinson 63-58, timu ya watu wafupi kabisa. Edey alikuwa anazungukwa na walinzi mbele na nyuma, na wenzake wakaachwa wazi wakashuti pointi tatu 26 wakaweka 5. Msimu uliofuata Purdue hawakumtupa Edey wala hawakubadili mfumo, waliongeza ushutaji kumzunguka, timu ikapiga zaidi ya asilimia 40 ya pointi tatu msimu mzima na wakafika fainali ya 2024.

Kwenye fainali UConn wakafanya akili tofauti. Wakakataa kupeleka mlinzi wa pili. Wakamwachia senta wao apambane na Edey peke yake, wengine wote wakabaki wamewaganda washutaji. Edey akafunga 37 na Purdue wakapoteza 75-60, wameshuti pointi tatu 7 tu mechi nzima wakaweka 1. Kwa hiyo jibu kamili ni hili: mrefu wako anavuta wawili pale tu wapinzani wanapokubali kuvutwa. Lazima uwe na kitu cha pili mfukoni, kwa mfano skrini za nje kwa washutaji wakati yeye ana mpira, ili wale walioganda walazimike kuhama.

Tuna magadi wenye kasi sana wanaompita mtu yeyote, ila hawashuti.

Mfumo wa kudribo na kuingia, ule uliobuniwa na kocha Vance Walberg, alafu John Calipari akautumia Memphis. Wanne wanatawanyika, senta anakaa upande ambao mpira haupo ili asilete mlinzi wake njiani, gadi anaingia, kama njia imezibwa anatoa pasi kwa aliyeko nje naye anaingia tena. Skrini ni chache kwa makusudi, manake skrini inaleta mlinzi wa ziada pale unapotaka uwazi.

Bei yake ni mitupo huru. Mkiingia ndani siku nzima mtafauliwa, na fainali ya 2008 Memphis walikuwa wanaongoza wakakosa mitupo huru kadhaa dakika ya mwisho, Kansas wakasawazisha kwa pointi tatu na kushinda 75-68 muda wa nyongeza. Mfumo uliwafikisha fainali, na kitu ambacho mfumo wenyewe unakidai kwa wingi ndo kikawa pungufu.

Hatuna washutaji kabisa. Kuna njia?

Ipo, ila msijifanye mnashuti. Kimbieni kabla difensi haijakaa, manake hata asiyeshuti anaweza layapu. Alafu tafuteni ribaundi za ofensi kama kazi rasmi, sio bahati. Houston ya Kelvin Sampson imejengwa hivyo miaka mingi, wanapeleka watu kwenye ribaundi kila shuti, na 2025 walifika fainali wakapoteza 65-63 kwa Florida. Shuti iliyokosa kwao ni kama pasi.

Difensi ikishakaa, mfumo wa fleksi unasaidia, skrini za chini mfululizo na watu wanakatiza mbele ya ringi, shuti nyingi zinatoka karibu. Maryland ya Gary Williams ilichukua ubingwa wa 2002 ikiwa na fleksi, japo wao walikuwa na vipaji vingine pia.

Tuna mshutaji mmoja wa ajabu. Abebe mpira au acheze bila mpira?

Inategemea nani mwingine anaweza kuubeba. Curry mwaka 2008, Davidson ilipofika robo fainali ya taifa, alikuwa anacheza sana bila mpira, anakimbia kwenye skrini, kwa sababu walikuwa na Jason Richards aliyeongoza nchi kwa asisti (pasi za kufungisha). Richards alipomaliza chuo, Curry akawa yeye ndo pointi gadi, anayeubeba mpira na kuongoza ofensi. Mchezaji yuleyule, kocha yuleyule, kazi tofauti, kwa sababu wenzake walibadilika.

Caitlin Clark pale Iowa ni upande wa pili. Alikuwa na mpira muda mwingi kwa sababu kwake pasi ilikuwa hatari sawa na shuti. Akivuka tu nusu uwanja difensi inamfuata mbali kule, nyuma yao panabaki wazi, na 2023 Monika Czinano alikuwa ndani anamalizia. Iowa ikafika fainali mbili mfululizo, 2023 na 2024. Kwa hiyo kama mshutaji wako haoni pasi, mtoe kwenye mpira umwekee skrini, na kama anaona, mpe.

Kucheza polepole ni mfumo wa timu dhaifu?

Hapana. Virginia ya Tony Bennett ilicheza polepole sana, ikaaibika 2018 kwa kutolewa na timu ndogo ya UMBC 74-54, ikabaki polepole vilevile na kuchukua ubingwa 2019. Kinachokuumiza ukicheza polepole ni kuachwa mapema, manake huna mipira mingi ya kurudisha. Kwa hiyo lazima uwe na njia ya pili ya kufunga haraka, hata kama unaitumia mara chache.

## Yanapokuwa magumu

Wapinzani wakicheza zoni (kila mlinzi analinda eneo, sio mtu), mfumo wetu wote unakufa. Kwa nini?

Kwa sababu skrini na kukata kwenu vimetengenezwa kumchanganya mlinzi anayemfuata mtu, na kwenye zoni hamna anayemfuata mtu. Zoni ya mbili-tatu (wawili mbele, watatu nyuma) kama ile ya Syracuse ya Jim Boeheim ina shimo moja katikati, karibu na mstari wa mitupo huru. Usimweke pale mrefu wenu kwa mazoea. Mweke anayepasi vizuri kuliko wote, hata awe fowadi wa futi 6 na inchi 5, apokee, ageuke, aangalie. Akigeuka tu, walinzi wawili wanashtuka na tumerudi kwenye hesabu ya wanne kwa watatu.

Tuna warefu wawili wazuri na wote wanataka kukaa chini ya ringi.

Mmoja lazima atoke, na anayetoka ni yule anayepasi vizuri, sio lazima yule anayeshuti vizuri. Akisimama juu anampa mwenzake pasi ya kuingia na pembe ni nzuri. Kama wote wawili hawapasi, wabadilishane kwenye benchi, dakika 20 kila mmoja ni bora kuliko 30 wakikanyagana.

Kikosi kinabadilika kila mwaka kwa uhamisho, nitajengaje mfumo?

Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 hata zaidi ya mara moja, kwa hiyo hilo swali halitaondoka. Mimi ningetunza lugha ileile na tabia zilezile za msingi, umbali wa kusimama, kukata ukishapasi, majina ya skrini, alafu nani anapokea wapi ndo kibadilike kila mwaka. Na ukitafuta mchezaji wa kuhamia, usitafute mwenye pointi nyingi, tafuta anayeadhibu kile wapinzani waliwaachia mwaka jana.

Nyota akiumia au akipata fauli nne mapema?

Usimpe wa akiba kazi ya nyota. Hawezi, na atajiona ameshindwa kwa kitu ambacho hakuwahi kukifanyia mazoezi. Uwe na seti tatu au nne ambazo kila mtu anazijua na hazimtegemei nyota, na kila wiki zifanyieni mazoezi yeye akiwa amekaa. Ukizitoa siku ya shida tu zitaonekana ngeni.

Nibadili mfumo katikati ya msimu?

Mfumo mzima hapana, hakuna saa za kutosha. Mahali pa kupokelea mpira ndiyo, na mara nyingi hilo ndo lilikuwa tatizo. Yule senta wetu aliyekuwa anaushusha mpira kiunoni tuliacha kumpa mpira akiwa kwenye mwendo. Skrini ile ile aliiweka, ila badala ya kuzunguka anakimbilia ringini aliteremka taratibu upande wa kushoto, akasimama, akaonyesha kiganja, gadi akampa. Wachezaji walilishika kwa mazoezi mawili. Mechi iliyofuata alipokea mara tisa pale na mpira haukushuka chini ya kidevu hata mara moja.

Mchezaji hataki kazi niliyompa, anasema yeye ni mshutaji.

Kaa naye na video, sio na maneno. Mwonyeshe mlinzi wake yuko wapi kila akipokea. Kama mlinzi yuko mbali, mwambie wazi shuti gani akiiweka kiasi gani mazoezini, mlinzi akiwepo, utamwachia apige kwenye mechi, na uandike namba hiyo mbele yake. Akiifikia, timiza. Nimeona vijana wawili wakifika, mmoja ilimchukua mpaka Februari, na baada ya hapo mlinzi wake hakukaa tena chini ya ringi.